Wainjili na Wamormoni: Mkosoaji aliyekataa kushinda kwa uongo

Mwanzoni mwa mwaka wa 1984, habari ya ajabu ilianza kusambaa mjini Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani. Barua ya zamani ilikuwa imepatikana. Ilikuwa na tarehe ya mwaka wa 1830, na ilisemekana kwamba aliyeiandika ni Martin Harris, mtu aliyetoa pesa ili Kitabu cha Mormoni kichapishwe kwa mara ya kwanza. Katika barua hiyo, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni, hakupewa mabamba ya dhahabu na malaika. Alikuta shimoni salamanda mweupe, mnyama anayefanana na mjusi, ambaye aligeuka kuwa roho.

Kwa wakristo wa kiinjili wanaopinga Umormoni, barua hiyo ilionekana kama zawadi. Kwa miaka mingi walikuwa wakisema kwamba dini hiyo ilizaliwa katika uchawi na utafutaji wa hazina zilizofichwa ardhini. Sasa rafiki wa karibu wa Joseph Smith mwenyewe alionekana kuwapa ushahidi.

Mtu aliyetazamiwa kufurahi kuliko wote ni Jerald Tanner. Yeye na mke wake Sandra walizaliwa na kulelewa katika kanisa hilo. Sandra ni wa ukoo wa Brigham Young, kiongozi wa pili wa Wamormoni. Wakiwa vijana waliliacha kanisa, wakajiunga na Wainjili, na tangu miaka ya 1960 walikuwa wakichapisha vitabu na nyaraka za zamani ili kuonyesha makosa ya imani waliyoiacha.

Lakini Jerald aliisoma barua ile, akasita. Maneno yake yalifanana mno na yale ya kitabu ambacho mpinzani mmoja wa Joseph Smith alikichapisha mwaka wa 1834. Mwezi wa tatu mwaka wa 1984, katika jarida lao dogo, aliandika kwamba barua hiyo inatia shaka. Hata Sandra hakukubaliana naye mwanzoni. Wenzake wengine hawakuelewa: kwa nini mtu aikatae silaha inayomsaidia?

Njia ya mwongo ni fupi. Mnamo tarehe 15 mwezi wa kumi mwaka wa 1985, mabomu mawili yalilipuka katika eneo la Salt Lake City na kuua watu wawili. Kesho yake bomu la tatu lilimjeruhi Mark Hofmann, muuzaji wa nyaraka za zamani aliyeitoa barua ile. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndiye aliyetengeneza mabomu, na kwamba nyaraka zake nyingi zilikuwa za kughushi. Wataalamu walipotazama wino kwa darubini waliona mipasuko midogo ambayo haipo katika karatasi za kweli za wakati ule. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1987 Hofmann alikiri makosa yake, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Kanisa la Wamormoni lenyewe lilikuwa limenunua nyaraka kutoka kwake.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka 40 sasa, lakini kinafaa kukumbukwa kila mara Wainjili na Wamormoni wanapobishana. Na mabishano hayo si ya Marekani peke yake tena.

Kutoka Utah hadi Lubumbashi

Jina kamili la kanisa hilo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa mwezi wa ine mwaka wa 1830 katika jimbo la New York. Linasema lina waumini zaidi ya milioni 17 duniani. Tangu mwaka wa 2018 viongozi wake wanaomba watu waache kuwaita Wamormoni na watumie jina kamili, ingawa jina la zamani bado ndilo linalojulikana na wengi.

Inchini mwetu, wakati ikiitwa bado Zaire, kanisa hilo lilitambuliwa na serikali mwaka wa 1986. Hekalu lake la Kinshasa lilizinduliwa mwezi wa ine mwaka wa 2019. Kabla ya hapo waumini wa Kongo walilazimika kusafiri hadi Johannesburg, Afrika ya Kusini, ili kufanya ibada za hekaluni. Mwaka wa 2022 ujenzi wa hekalu lingine ulianzishwa mjini Lubumbashi. Katika miji ya Katanga, vijana wawili wawili wenye mashati meupe, tai na kibao cheusi kifuani si wageni tena.

Kadiri kanisa hilo linavyokua, ndivyo maonyo yanavyosikika kutoka mimbari za makanisa mengine. Wengi wanaambiwa tu kwamba ni «dini ya uongo» au «dini ya Wazungu ya siri». Wachache wanaelezwa ni mambo gani hasa Wainjili wanayapinga, na Wamormoni wanajibu nini.

Mungu ni nani?

Kwa Wainjili, shida ya kwanza si historia. Ni Mungu. Wakristo wengi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wanaamini Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mungu huyo hana mwanzo, na Baba hana mwili.

Wamormoni wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu tofauti kabisa, walio na nia moja. Kitabu chao kiitwacho Mafundisho na Maagano, katika sura ya 130, kinasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa kama wa mwanadamu. Mwezi wa ine mwaka wa 1844, mjini Nauvoo katika jimbo la Illinois, Joseph Smith alihubiri kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi, na kwamba mwanadamu anaweza kuinuliwa na kuwa kama yeye.

Hapo Wainjili wanafungua Isaya 43:10, ambapo Mungu anasema hakuna mungu aliyefanywa kabla yake wala atakayekuwa baada yake. Kwao, mwenye kuhubiri Mungu aliyekua kutoka ubinadamu anahubiri mungu mwingine, hata akitumia jina la Yesu.

Wamormoni wanajibu kwamba neno «Utatu» halimo katika Biblia, na kwamba mafundisho hayo yaliwekwa katika mikutano ya maaskofu kama ule wa Nisea mwaka wa 325. Wanasema wanaomba kwa Baba katika jina la Yesu, wanaamini kifo chake na ufufuo wake, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuwanyima jina la Wakristo.

Jambo la pili ni wokovu. Wainjili wanashikilia Waefeso 2:8-9: mtu anaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Wanakilaumu Kitabu cha Mormoni, katika 2 Nefi 25:23, kwa kusema kwamba neema inaokoa baada ya mtu kufanya yote anayoweza. Mormoni anamjibu kwa barua ya Yakobo: imani bila matendo imekufa.

La tatu ni kitabu chenyewe. Katika Wagalatia 1:8 mtume Paulo anaonya juu ya injili nyingine, hata ikiletwa na malaika kutoka mbinguni. Kwa kuwa Joseph Smith alisema alielekezwa na malaika Moroni, Wainjili wanaona kwamba onyo hilo linamhusu waziwazi. Wamormoni wanasema injili yao si nyingine, bali ni ile ile iliyopotea baada ya mitume na kurudishwa.

Mambo ya historia

Juu ya imani watu wanaweza kubishana bila mwisho. Historia inaweza kuchunguzwa, na hapo ndipo Jerald na Sandra Tanner walitumia maisha yao.

Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa Palmyra katika jimbo la New York mwaka wa 1830, kinasimulia juu ya watu waliotoka Yerusalemu karibu miaka 600 kabla ya Kristo, wakavuka bahari na kujenga mataifa makubwa huko Amerika. Kinataja farasi na chuma cha pua. Wakosoaji wanasema wachimbuaji wa mambo ya kale hawakupata alama za mataifa hayo, na kwamba farasi wa kufugwa waliletwa Amerika na Wahispania. Uchunguzi wa damu na nasaba unaonyesha kwamba wenyeji wa Amerika wana asili ya Asia. Katika miaka ya 2000, kanisa lilibadilisha maneno ya utangulizi wa kitabu: watu hao wa kutoka Yerusalemu hawaitwi tena mababu wakuu wa Wahindi wa Amerika, bali wamo «miongoni mwa» mababu zao. Watetezi wa kitabu wanasema taifa dogo lililochanganyika na wengi linaweza kupotea bila alama katika damu.

Kisha kuna Kitabu cha Ibrahimu. Mwaka wa 1835, huko Kirtland katika jimbo la Ohio, Joseph Smith na wenzake walinunua maiti zilizokaushwa za Misri pamoja na mafunjo yenye maandishi. Joseph alisema maandishi hayo yana maneno ya Ibrahimu, akayatafsiri. Wakati ule karibu hakuna mtu Amerika aliyeweza kusoma Kimisri. Watu walidhani mafunjo hayo yaliteketea kwa moto, lakini mwaka wa 1967 vipande vyake vilitokea katika jumba moja la makumbusho la New York. Wataalamu walivisoma: ni maandishi ya mazishi ya Kimisri, na Ibrahimu hatajwi. Mwaka wa 2014 kanisa lenyewe liliandika kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na kitabu. Hata hivyo linasema kwamba sehemu nyingine za mafunjo zilipotea, au kwamba mafunjo yalikuwa tu njia ya Mungu kumfungulia Joseph ufunuo.

Kuna pia ndoa za wake wengi. Kwa muda mrefu waumini wengi walijua kwamba Brigham Young alikuwa na wake wengi, lakini hawakufundishwa sana juu ya Joseph Smith. Mwaka wa 2014 kanisa lilieleza kwamba, kwa makadirio ya uangalifu, yeye pia alioa wake kati ya 30 na 40. Mmoja alikuwa bado hajatimiza miaka 15, na wengine walikuwa na waume walio hai. Desturi hiyo ilianza kuachwa rasmi mwaka wa 1890, na leo mwenye kuoa mke wa pili anafukuzwa kanisani.

Mambo mengi ya aina hiyo yalikuwa katika vitabu vya Tanner tangu miaka ya 1960. Waumini wengi waliyaona kuwa uongo wa maadui. Kati ya 2013 na 2015 waliyakuta yameandikwa na kanisa lao wenyewe. Wengine walivumilia na kubaki. Wengine waliondoka, si kwa sababu ya mambo yenyewe tu, bali kwa sababu walihisi walifichwa.

Swali linalomgusa Mwafrika

Kuna ukosoaji mmoja ambao msomaji wa Kongo hawezi kuupita haraka. Mwaka wa 1852 Brigham Young alitangaza kwamba wanaume weusi hawawezi kupewa ukuhani, ambao kwa Wamormoni hutolewa kwa karibu kila mwanaume mwaminifu. Wanaume na wanawake weusi walizuiwa pia kupokea ibada kuu za hekaluni. Hayo yalitokea ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa amepewa ukuhani tangu 1836, wakati Joseph Smith yuko hai. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyemfahamu Joseph Smith na kusafiri na Wamormoni hadi Utah, aliomba mara nyingi aruhusiwe kupokea ibada hizo kama wengine. Alikufa mwaka wa 1908 bila kuruhusiwa.

Viongozi walitoa maelezo: watu weusi ni wazao wa Kaini, au walikosa uaminifu kabla ya kuzaliwa. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa sita mwaka wa 1978 tu, chini ya rais Spencer Kimball. Mwaka wa 2013 kanisa liliyakataa waziwazi maelezo hayo ya zamani na kulaani ubaguzi wa rangi.

Swali la Wainjili ni hili: ikiwa rais wa kanisa ni nabii anayesema na Mungu, iliwezekana vipi viongozi kumi waliofuatana wakashikilia jambo ambalo kanisa sasa haliwezi kulitetea? Wamormoni wanajibu kwamba manabii ni binadamu, na kwamba hata mitume wa kwanza walichelewa kuwakubali watu wa mataifa. Wanakumbusha pia kwamba Wanigeria na Waghana walianza kukusanyika wenyewe na kuomba ubatizo miaka mingi kabla ya 1978, wakijua wamefungiwa mlango. Kwa waumini wengi wa Afrika, imani ya watu hao ni ushahidi mkubwa kuliko kosa la viongozi.

Lakini swali hilo linarudi pia kwa anayeuliza. Muungano mkubwa wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, ambao ni nguzo ya Wainjili, uliundwa mwaka wa 1845 kwa sababu ya kutetea haki ya wenye watumwa kuwa wamisionere. Uliomba msamaha mwaka wa 1995, yaani miaka 17 baada ya Wamormoni kuondoa katazo lao. Ndiyo, Wabaptisti hawakudai kuwa na nabii. Ila mwenye kurusha jiwe hilo anapaswa kujua historia ya nyumba yake.

Kukosoa bila kusingizia

Kati ya Wainjili wenyewe kumekuwa na mabishano juu ya namna ya kukosoa. Mwaka wa 1982 filamu iitwayo The God Makers ilionyeshwa katika makanisa mengi ya Marekani. Iliwachora Wamormoni kama watu wa kuogopwa, na si Wamormoni tu waliolalamika. Filamu ya pili ilipotoka na madai mazito zaidi, Jerald na Sandra Tanner waliandika kuipinga mwaka wa 1993, kwa sababu baadhi ya madai yake hayakuwa na ushahidi. Kwa mara ya pili waliwakasirisha watu wa upande wao.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2004, Richard Mouw, kiongozi wa chuo cha teolojia cha Fuller, alisimama katika jengo maarufu la Wamormoni mjini Salt Lake City. Hakusema kwamba tofauti za imani zimekwisha. Aliomba msamaha kwa sababu Wainjili walisema mara nyingi maneno ya uongo juu ya imani ya majirani wao. Wainjili wengine walimpongeza. Wengine walisema amelegea.

Historia inaonyesha kwa nini jambo hilo si dogo. Mwaka wa 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe, na siku chache baadaye 17 kati yao waliuawa katika kijiji cha Haun's Mill. Joseph Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani, mwaka wa 1844. Nao Wamormoni, mwaka wa 1857, waliwaua wasafiri karibu 120 kusini mwa Utah, mahali paitwapo Mountain Meadows. Hakuna upande uliobaki na mikono safi. Maneno ya chuki yalitangulia, damu ikafuata. Watu wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kufundishwa somo hilo.

Cha kubeba nyumbani

Huko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, familia moja inaweza kuwa na mama wa kanisa la uamsho, baba Mmethodisti na kijana aliyebatizwa na wamisionere wa Kimormoni. Wanakula ugali kwenye meza moja. Anayetaka kumwonya kijana huyo ana haki ya kufanya hivyo. Tofauti juu ya Mungu, wokovu na Maandiko ni za kweli, na kuzificha si upendo. Lakini asianze na uvumi wa mitaani. Aulize: Baba wa mbinguni ni nani kwako? Kitabu cha Ibrahimu kilitoka wapi? Kwa nini babu zetu walikatazwa ukuhani? Kisha anyamaze na kusikiliza jibu. Na kijana naye ana haki ya kuuliza juu ya historia ya kanisa la mama yake.

Jerald Tanner alikufa mwaka wa 2006. Hakurudi kamwe katika kanisa alilozaliwa ndani yake, na hakuacha kulipinga. Lakini hata baadhi ya Wamormoni wasiopenda vitabu vyake wanakumbuka ile barua ya 1984: adui wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hadharani kwamba inatia shaka.